Dakika Thelathini Zetu Tuachieni

Nimekasirika, na kilichonikasirisha ni gemu, na mie mtu mzima nna mke na mtoto, kwa hiyo chekeni mmalize halafu tuendelee.

Idi pili tulikutana watano kwa mwenzetu mmoja Mwanakwerekwe, laptopu tano, nyaya zimetandaa ukumbi mzima, sinia la biriani limebaki robo, tukafungua Age of Empires II, gemu ya kujenga mji na jeshi halafu mnavamiana. Ni ile Definitive Edition ya 2019, lakini moyoni kila mtu anacheza ile ya CD. Wanne sie wakongwe, wa tano mdogo wake mwenye nyumba, kijana wa chuo, gemu kajifunzia YouTube. Dakika ya kumi na moja nasikia baragumu, kutizama, farasi wake washaingia wanawachinja wanakijiji wangu wakichuma matunda. Dakika ya ishirini nshakwisha. Ananigeukia, "Kaka, ulikuwa umelala."

Sikulala! Nilikuwa napanga nyumba zangu mstari mmoja kama maghorofa ya Michenzani.

Sasa nisikilizeni. Sie tulikuwa na ahadi, hakuna kuvamiana kabla ya dakika thelathini. Haikuandikwa popote na hakuna aliyeivunja akaachwa na heshima yake. Kijana anaiita ahadi ya waoga. Hajui ilikotoka, kwa sababu lile giza la Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima haina umeme miezi mitatu, yeye alikuwa anabebwa mgongoni. Sie tulikuwa skuli, na Mlandege kulikuwa na kafe moja ina jenereta, saa moja iliyokuwa shilingi mia tano ikapanda mpaka elfu, kisa petroli. Elfu! Unakusanya wiki nzima, unaacha urojo, unaacha juisi ya miwa, unakwenda, unakaa, dakika ya kumi na mbili mtu anakuulia wanakijiji wote, na saa yako inaendelea kuhesabu. Unafanya nini? Unakaa nyuma ya viti vya wenzako unatizama, umelipia elfu nzima kutizama, na ukitoka nje ni giza na mbu tu. Alifanyiwa hivyo mwenzetu mmoja, akanyamaza kimya, hakugomba, kesho yake hakuja na keshokutwa hakuja. Tulipokwenda kumtafuta ndipo tulipowekeana ahadi. Kwa hiyo ukiniambia ni woga nakuuliza, woga wa nani? Aliyekuwa anashinda kila siku ndiye aliyesema dakika thelathini, na wala si mie, mie sijawahi kushinda kila siku.

Halafu nusu saa ile ndiyo gemu yenyewe. Unaanza na wanakijiji watatu na mpanda farasi mmoja, unatafuta kondoo, unakata miti, unakusanya chakula 500 ili uingie zama za ukabaila (skuli tulifundishwa tuuchukie ukabaila, kwenye gemu tunaukimbilia mbio). Mmoja wetu mpaka leo hagusi nguruwe mwitu, chakula 340 kinampita mbele ya macho, anasema anaona haya mbele ya wanakijiji wake. Kijana kamfanyia hesabu, kamwambia hapo ndipo unapofungwa. Akajibu, "Wallahi bora nifungwe." Sasa mtu kama huyu utampeleka wapi na hesabu zako za YouTube, kila sekunde mwanakijiji mmoja huku mwengine kule kama vile kuna mtihani wa taifa?

Haya, na mie niseme ukweli japo unaniuma. Wazee wa bao pale barazani wanajua kete zitalala shimo gani kabla hujazinyanyua, na akikufunga mkononi, yaani namua, ile hatua ya kwanza ya kuingiza kete, haijesha, hakuna anayemwambia umemuonea mtoto wa watu. Unaambiwa kajifunze. Hapo kijana ana hoja. Ila bao halilipiwi kwa saa.

Na kuna jengine limenikera siku hiyo hiyo, nalisema nipite. Walipoleta nyongeza ya gemu ya mambo ya Afrika mwaka 2015 tukapewa mataifa ya kuchezea, Wahabeshi, Wamali, Waberberi, na nani? Wareno! Na kampeni ya Francisco de Almeida juu yake, yule aliyekuja kuvamia Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Waliovamiwa hawakuwemo kwenye orodha, mvamizi kapewa mpaka manowari zake. Asanteni sana.

Tuliporudiana Idi tatu nilisema wazi, dakika thelathini au nafunga laptopu naondoka. Kijana kacheka, kakubali. Tukacheza, nyumba zangu mstari, ukuta umefungwa, ngome moja ishasimama, biriani ya jana imepashwa moto, mtu wa nguruwe kajaza mitumbwi ya uvuvi pwani yote. Raha. Dakika ya ishirini na tisa nasogeza kioo kuelekea geti langu la kaskazini, naona farasi wa kijana wamejipanga nje, sijui arubaini sijui hamsini, wamesimama kimya, hakuna hata mmoja anayegusa ukuta.

Kijana hakuninyanyulia hata uso. Kasema taratibu tu, "Hodi."

Sikumkaribisha.