Kikapu cha Mayai ni Is au Are?

Mimi nakaanga rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, hapa Busia, upande wetu wa Uganda, hatua chache tu kutoka mpakani. Asubuhi malori yamepanga foleni, madereva wana njaa, kikaango kinafoka, na hapo ndipo binti yangu aliyemaliza kidato cha sita ananitolea makaratasi. "Baba, niulize maswali." Anajiandaa na SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani. Nikasema lete. Kiingereza nilisoma mpaka darasa la saba. Enzi zetu tuliambiwa andika upya sentensi ukianza na "No sooner". Tulianza. Wengine hatujamaliza mpaka leo.

Swali la kwanza: "The basket of eggs that the women brought from the farms..." ni "is heavy" au "are heavy"? Sikungoja hata achague, nikasema are. Mayai mengi, wanawake wengi, mashamba mengi, nani mwenye akili atasema is?

"Umekosa, Baba. Kizito ni kikapu."

Jamani! Kwa Kiswahili ungenidanganya wapi? Kikapu cha mayai kimeanguka. Mayai yameanguka. Ile ki- imeking'ang'ania kikapu kama mtoto mgongoni. Tia katikati wanawake, mashamba na Ziwa Victoria zima, ukifika mwisho wa sentensi utaikuta ki- inakungoja. Hawa wenzetu hawana alama hiyo, halafu wanakujazia umati katikati kusudi umpoteze mwenyewe. Binti anasema dawa ni kufunika kwa kidole maneno yote ya katikati. Nikafunika. Kidole kilikuwa na mafuta, na swali lenyewe hatujaliona tena.

La pili: "Walking to the market, the rain soaked my clothes." Nikasema hiyo safi kabisa, mimi mwenyewe nimenyeshewa hivyo mara ngapi?

"Nani alikuwa anatembea?"

"Mimi."

"Sentensi inasema mvua."

Dereva mmoja aliyekuwa akisubiri rolex ya mayai mawili akadakia, "Sasa mvua inaenda sokoni kununua nini, mwavuli?" Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, ila hilo nililikubali. Ukisema "nilipokuwa nikienda sokoni", ile ni- imeshamtaja mwenye miguu. Kiingereza kinaacha miguu njiani, atakayetokea kwanza baada ya koma ndiye anayeivaa.

Eti sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64. Nilipiga hesabu kwenye kipande cha gazeti la kufungia: sekunde 71 kwa swali. Mimi kwenye tofauti ya its na it's peke yake niliunguza chapati mbili. Kitone kile, anasema, kimekaa mahali pa herufi ya is iliyomezwa. Its ya kumiliki haina kitone. Nikamwambia kitone chenye kazi ninachokijua ni cha ng'ombe. Kisha nikauliza, ukikosa wanakukata alama? Hawakati. Basi bahatisha, mwanangu! Alinitazama kama nimetia sukari kwenye nyanya.

Sijui ni nini kilimfanya ainue macho kwenye kibao changu. Nilikichorisha mwaka jana kwa shilingi 30,000, rangi nyekundu: ROLEX'S & CHAPATI'S.

"Baba. Hivi vitone vinamiliki nini?"

Nikajifanya nageuza yai. Nilipotazama tena, mtu ameshapanda benchi la wateja, mkononi kipande cha mkaa, anakwenda kufuta.

"Shuka hapo! Fundi alinitoza kwa herufi. Hivyo vitone viwili ndivyo pekee alivyonipa bure."