Ndege Ilitua, Nikarekodi Ndara

Shangazi yangu alikuwa anarudi Umra kwa ndege ya alasiri kutoka Nairobi, na ukoo mzima ulishakata shauri kwamba kutua kwake lazima kurekodiwe. Mwenye kamera ni mimi. Mwenye mdomo pia ni mimi, na hapo ndipo palipoharibika.

Uwanja wa ndege wa Lamu hauko mjini Lamu, uko Manda, ng'ambo ya mkondo. Nikavuka kwa boti saa nane mchana, lenzi ya kuvutia picha za mbali, ya milimita 150 hadi 600, nimeizongea leso mbili za mke wangu isipatwe na chumvi. Ruhusa nilishaiomba. Nikaambiwa nikae nje ya ua, nifuate ndege peke yake, nisiwapige picha askari wala abiria. Nawe usiende kienyeji: lenzi ya kilo mbili begani, ukiitazama kwa mbali, haifanani na kitu cha amani.

Ulikuwa msimu wa kusi, upepo utokao kusini. Rubani hutua akiukabili upepo, basi kusi ikivuma ndege huja kutoka kaskazini na pua inatazama kusini. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ikiingia, mambo hugeuka. Mpiga picha asiyejua upepo wa siku hiyo atasubiri upande mmoja, ndege itue upande wa pili. Jua nalo lilikuwa mgongoni mwangu, likiimulika njia ya ndege vizuri. Asubuhi lingekuwa usoni, na ndege ingetoka nyeusi kama kijungu.

Stendi nikaifungua miguu yote mitatu, mkoba wa mchanga nikauning'iniza katikati ili upepo usiitikise. Lenzi kubwa hufungwa kwenye stendi kwa pete yake yenyewe. Ukifunga kwa kamera, mzigo wote huelemea mbele na mdomo wa kamera, pale lenzi inapochomekwa, unaumia. Fremu 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, 1 kwa 50 ya sekunde. Hapa wengi hukosea: wanaweka 1 kwa 1000 wakidhani ndege ni kitu cha mbio. Panga la puani mwa Cessna Caravan, ndege ndogo kama ile ya shangazi, huzunguka hadi mara 1,900 kwa dakika. Kwa shata 1 kwa 1000 linasogea nyuzi 11 tu, basi ndege inaonekana imezimika angani na abiria wake ndani. Kwa 1 kwa 50 linapita zaidi ya nusu ya mzunguko, unapata lile duara la ukungu ambalo jicho limelizoea.

Ila shata hiyo juani huunguza picha. Kwa ISO 100, yaani kamera ikiwa na wepesi mdogo wa kupokea mwanga, na tundu la lenzi f/6.3, jua kali lataka shata kama 1 kwa 640. Nikavisha filta ya ND16 inayopunguza mwanga mara 16, ikakaa sawa. Swichi ya fokasi nikaiweka kuanzia mita 10 kwenda mbele, kamera isije ikaling'ang'ania waya wa ua. Kitulizaji, kile cha kuzuia picha isitikisike, nikakizima, maana juu ya stendi hushindana nawe unapozungusha kichwa. Na kwa kuwa kusi ilikuwa inavuma, maikrofoni nikaivisha kofia yake ya manyoya, ile ambayo paka wa mtaani kwetu huitazama kwa uchu. Kofia hiyo ikumbukeni.

Kulikuwa na makosa mawili. La kwanza, taa nyekundu inayowaka kamera ikirekodi nilikuwa nimeibandika utepe mweusi tangu harusi moja, mwangaza wake ulipokuwa ukionekana kwenye miwani ya bwana harusi. La pili ni lile jua zuri la mgongoni. Jua la mgongoni huipamba ndege na kukiua kioo cha nyuma ya kamera, kile cha kutazamia picha. Kioo kilikuwa kama sahani ya bati. Dawa yake ni kujifunika leso kichwani na kamera yako pamoja, kama wapiga picha wa kale. Leso nilikuwa nazo mbili. Nikaona haya.

Nikabonyeza kitufe kujaribu. Sikuona kitu. Nikabonyeza tena. Na tena. Mara ya tatu nikasema, "Haya, imezima," nikalegeza kichwa cha stendi nipumzike. Lenzi, kwa uzito wake, ikainama taratibu mpaka ikatazama ndara zangu.

Kamera ilikuwa inarekodi.

Nahodha aliyenivusha akaja kukaa nami kivulini. Tukazungumza. Aliniuliza shangazi yangu ni mtu wa namna gani, nami, kwa kuwa nilikuwa na nafasi, nikamweleza. Nikaeleza maji ya Zamzam anavyoyagawa kwa kijiko, kimoja kimoja, kama dawa ya kifua, huku galoni limejaa chini ya kitanda. Nikaeleza tende zake, zile za mwaka juzi alizotugawia mwaka jana. Nikamwigiza sauti. Nahodha alicheka mpaka akashika ua.

Caravan ikatokea kaskazini, doa jeupe linalotetemeka. Mtetemo ule si kosa la lenzi wala si la kurekebishwa kwenye kompyuta. Ni hewa moto inayopanda kutoka ardhini, na kadiri unavyovuta picha ya mbali ndivyo unavyovuta na hewa yote iliyo katikati. Subiri ndege isogee. Nikasubiri, nikainua lenzi, nikabonyeza kitufe kwa kujiamini, nikaifuata kwa kiuno wala si kwa mikono, kuanzia angani hadi magurudumu yalipotoa moshi. Mkono haukutetemeka hata chembe. Sijawahi kuifuata ndege vile, wala sidhani nitaifuata tena.

Nikabonyeza kuzima.

Usiku, baada ya Isha, sebule ilijaa. Shangazi alikaa mbele, kanzu nyeupe, udi unafuka. Nikaunganisha kamera na televisheni.

Ukiacha kipande kifupi cha kule kubonyezabonyeza, faili la kwanza: dakika 23. Picha ilikuwa ukungu wa buluu, kwa sababu lenzi ile haiwezi kuona kitu kilicho chini ya mita 3 hivi, na ndara zilikuwa nusu ya hapo. Lakini sauti! Kofia ya manyoya ilikuwa imefanya kazi yake. Upepo haukusikika kabisa. Kila neno lilitoka safi, na watu wakatulia kuskiza kama zama za redio.

"Labda ndiyo bahari ile," mjomba alisema, akiutazama ule ubuluu.

Kisha ikaja sauti yangu, ikimwigiza shangazi.

Nilikimbilia kifaa cha mbali. Mtoto wa dada yangu alikuwa amekikalia. Kufika kwenye galoni la chini ya kitanda, hakuna aliyekuwa akipumua, na muungurumo wa Caravan ukaanza kusikika kwa mbali, ukakaribia, kisha "tik", faili likaisha.

Faili la pili lilikuwa la dakika nne: ndani ya mkoba, giza tupu, na mimi nikipiga kelele, "Nimeipata! Wallahi nimeipata!"

Siku hizi sitazami doa jekundu. Natazama saa ya kurekodi kama tarakimu zinakwenda, narekodi sekunde tatu, naziangalia, kisha ndipo nafungua kinywa. Utepe nimeubandua. Leso najifunika, acheni wacheke.

Shangazi hakusema neno. Aliinuka, akaingia chumbani, tukasikia galoni likiburutwa sakafuni. Akamjazia kila mtu kikombe, mpaka watoto. Kwangu akafika na kijiko.

"Njoo, mwanangu," akasema. "Fungua kinywa."