Elektroni inarudi hata kwenye mteremko, na hilo ndo lingefundishwa kwanza

Ukipanda daladala usiku taa za ndani zikiwa zimewashwa, hebu angalia dirishani, unaona barabara na unaona uso wako humohumo. Mwanga ukipiga kioo moja kwa moja, kila uso wa kioo unarudisha kama asilimia 4, iliyobaki inapita. Mi naamini somo la fizikia la ngazi ya potenshali, yaani mahali ambapo nishati ya mahali inayoikuta chembe inapanda au kushuka ghafla, lingeanzia hapo dirishani, sio kwenye ubao uliojaa alama, maana watu wanakariri fomula, wanafanya mtihani, alafu basi imetoka hiyo.

Chukua elektroni yenye nishati ya eV 9 (eV ni kipimo cha nishati cha chembe ndogo), inafika mahali ambapo potenshali inapanda ghafla kwa eV 5. Ingekuwa mpira, ungepita tu na spidi ikapungua, nishati si inatosha? Lakini ukitumia mlinganyo wa Schrödinger wa mwaka 1926, unaoichukulia elektroni kama wimbi, jibu linakuwa lingine. Namba ya wimbi, yaani mawimbi mangapi yanaenea kwenye umbali fulani, inafuata kipeuo cha pili cha nishati ya mwendo, kwahiyo kabla ya ngazi, kwenye 9, tunapata 3 na baada yake, kwenye 4 iliyobaki, 2. Tofauti yake gawa kwa jumla yake, 1 kwa 5, zidisha kwa yenyewe, unapata 0.04. Asilimia 4, ileile ya kioo! Na sio bahati, ni hesabu moja, namba ya wimbi la mwanga ndani ya kioo nayo ina uwiano wa kama 3 kwa 2 ukilinganisha na hewani.

Hapa ndo nilipokwama nilipokuwa chuo. Nilitafuta kimo cha wimbi lililovuka nikapata 1.2, nikakizidisha kwa chenyewe nikapata 1.44, yaani asilimia 144 zimepita?? Usiku ule nilifuta karatasi nzima nikijua nimekosea aljebra, kumbe aljebra ilikuwa sawa kabisa, kilichosahaulika ni spidi. Upande wa pili elektroni inatembea kwa theluthi mbili ya spidi ya mwanzo, ni kama magari yakitoka lami kuingia kwenye vumbi na mashimo, yanasongamana, lakini yanayopita kwa dakika hayajaongezeka. Zidisha 1.44 kwa theluthi mbili, 0.96. Na 0.04 iliyorudi inatimia 1. Kuna mtu angeniambia hiyo sentensi moja ya spidi ningelala mapema.

Na isieleweke kwamba elektroni inakatika vipande, hapana, ukiweka kifaa cha kuipima unaikuta nzima, ama imerudi ama imevuka. Hiyo 4 ni kati ya 100 zilizotumwa.

Sasa kinachoniuma zaidi ni mteremko, mara nyingi unaachwa uwe zoezi la mwisho wa sura. Elektroni ya eV 1 inafika ukingoni, potenshali inashuka ghafla kwa eV 8. Hamna kinachoizuia, tena inavutwa! Piga hesabu: namba za wimbi ni 1 na 3, kwahiyo 2 kwa 4, zidisha kwa yenyewe, robo nzima inarudi. Kwahiyo kinachorudisha sio ukuta, ni ghafla yenyewe. Wimbi likikuta hali imebadilika ndani ya umbali mfupi kuliko urefu wake, sehemu yake inarudi. Ukiulaza mteremko ukachukua urefu wa mawimbi mengi, kurudi kunakaribia sifuri, na ndo maana gari halirudi nyuma likifika kilele cha mlima, wimbi lake ni fupi mno, kwake hakuna kona iliyo kali.

Na hii sio ya kwenye karatasi tu. Mwaka 2004 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walipeleka atomu baridi sana za sodiamu kwenye uso wa silikoni, zikitembea milimita chache tu kwa sekunde. Uso ule unazivuta atomu, na bado hadi asilimia 20 zilirudi, na kadiri zilivyokwenda taratibu ndivyo zilivyorudi nyingi.