Namba ya Siri Imepelekwa kwa Sato

Mpwa wangu ndiye aliyenishauri kuhifadhi picha na nyaraka zangu mtandaoni, mahali ambapo wenyewe wanapaita wingu, akanihakikishia kwamba ni bure. Mimi ni mzaliwa wa Igogo, nimekulia juu ya mawe, na wingu ninalolifahamu ni lile linalotokea upande wa ziwa na kuwamwagia mvua dagaa wa watu walioanikwa mwaloni, kwa hiyo neno lenyewe lilinitia mashaka tangu siku ya kwanza.

Hata hivyo nilipewa gigabaiti 15, na nilipoelezwa kwamba Dropbox hutoa 2 za bure, na OneDrive na iCloud 5 kila moja, nilijiona tajiri. Usiku wa kwanza bando la wiki lilikwisha kabla jogoo hajawika.

Jumamosi iliyopita, nikiwa ndani ya kivuko kuelekea Kamanga, niliinama ukingoni nipige picha ndege aliyetua juu ya boya. Simu iliniponyoka, ikagonga chuma mara moja, ikazama. Kijana mmoja alinipa pole huku amebana kicheko, nami nikamjibu kwa majivuno kwamba simu ni kifaa tu, vitu vyangu vyote viko salama mtandaoni.

Jioni niliazima simu ya mama watoto, nikaandika nywila yangu bila kukosea hata herufi moja, nikaambiwa kwamba kwa ajili ya usalama wangu nimetumiwa namba ya siri kwenye laini yangu. Laini ipi? Ziwa letu lina kina cha takribani meta 80 pale linapozama zaidi, na ingawa ghuba ya Mwanza haifikii huko, kwa mtu asiyejua kupiga mbizi tofauti hiyo haina faida yoyote. Sato wamepokea ujumbe wangu, mimi sijaupokea. Mpwa wangu akakumbuka kunieleza wakati huo kwamba zipo namba za akiba ambazo mtu huzichapisha mapema na kuziweka nyumbani kwa ajili ya siku kama hiyo.

Nikaenda kurudisha laini. Binti wa dirishani alitaka alama ya kidole, ambacho ninacho, na namba ya NIDA, ambayo ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ninazijua kwa kuwa ni tarehe yangu ya kuzaliwa, ikitanguliwa na mwaka. Kumi na mbili zilizobaki nilizipiga picha nikazipandisha mtandaoni ili zisipotee.

“Baba, na kadi yenyewe iko wapi?”

Ilikuwa ndani ya kava ya simu.

Aliyeniokoa ni mama watoto, ambaye alikuwa ameiandika namba hiyo kwa kalamu ya wino kwenye daftari lake la vikoba, siku niliyomdhamini mkopo, kati ya deni la mkaa na bei ya vitenge. Laini ikarudi, mlango ukafunguka, nikaingia kama mwenye nyumba.

Hifadhi ilikuwa imejaa tangu Machi. Nilikuta video za kamati ya harusi ambayo ndoa yake tayari ina watoto wawili, nikakuta maua ya “asubuhi njema” ya mjomba, ambaye hajawahi kukosa hata asubuhi moja, na picha nyingi za kidole gumba changu. Hati ya kiwanja cha Buswelu haikuwamo, wala orodha ya wanaonidai na ninaowadai. Hasara ya wale wa kwanza ninaweza kuivumilia. Tahadhari kwamba nafasi inakwisha nilikuwa nikizipata, na kila mara nilibonyeza “Baadaye.”

Mpwa wangu sasa ananifungulia akaunti ya pili, nayo ya bure, na ameniuliza aweke namba gani ya simu. Nimemwambia aweke ya mama watoto, kwa sababu yeye anaogopa kivuko.