Geuza pakiti: mkate wa nafaka mchanganyiko wa Uingereza na uwele wa Singida

Kwetu Singida uwele ukianza kukomaa, watoto hushinda shambani wakigonga madebe na kurusha kombeo kufukuza kwelea kwelea. Huku Uingereza nafaka za jamii hiyo huuzwa kwenye mifuko ya chakula cha ndege. Mtu analipa, anamwaga bustanini, anakaa dirishani kuwasubiri waje. Rafu chache mbele, katika duka hilohilo, punje kama hizo zimenyunyizwa juu ya mkate pamoja na alizeti na kitani, na mkate umepanda bei.

Nisingeandika haya kama si dada yangu wa Dar. Ana kisukari. Watu wamemwambia aachane na ugali, ale mkate wa brauni wenye nafaka nyingi, "kama Wazungu." Basi uwele unaotumwa kutoka nyumbani anagawia majirani, yeye anakata slesi. Mimi ninayekula mkate huo kwa hao Wazungu wenyewe naona amepoteza katika biashara hiyo, na sababu zimeandikwa nyuma ya pakiti.

Mbele ya pakiti kuna picha ya shamba na masuke. Nyuma kuna orodha ya viambato, na sheria inataka kilicho kingi kwa uzito kianze. Kwenye mikate mingi ya aina hii huku, cha kwanza ni unga wa ngano tu, maana yake unga mweupe uliokobolewa, kisha maji. Nafaka na mbegu zilizotajwa kwa herufi kubwa huko mbele huja baadaye, na kwa kuwa zimetumika kuuzia mkate, kiwanda hulazimika kuandika asilimia yake. Ndipo unakuta shayiri asilimia kidogo, mtama asilimia ndogo zaidi. Rangi ya hudhurungi mara nyingi hutokana na kimea cha shayiri. Ndiyo, kimea, ndugu wa kile wanachotumia mama zetu kupikia pombe. Hakina ubaya wowote, ila rangi yake isikufanye udhani pumba za ngano zimebaki humo.

Kanuni za mkate na unga za hapa, za mwaka 1998, zinalinda jina la mkate wa ngano nzima: ukiliandika, unga wote wa ngano ndani yake lazima uwe mzima. Jina la nafaka mchanganyiko halina ulinzi huo. Nafaka zikizidi moja tu, hata kama zote zimekobolewa, mwoka mikate hajasema uongo. Dona la shule tulilokuwa tukilinung'unikia, lenye pumba na kiini chake, lilikuwa nafaka nzima kuliko mikate mingi ninayoiona rafuni.

Lakini sitaki dada asome hapa akimbilie mkate wowote ulioandikwa ngano nzima, maana kwenye sukari mambo yana mgeuko. Kuna kipimo cha kasi ya chakula kupandisha sukari kwenye damu, ambapo glukosi hupewa 100. Katika majedwali ya kimataifa yaliyochapishwa 2008, wastani wa mkate mweupe ni 75 na wa ngano nzima 74. Hakuna tofauti ya maana! Ngano nzima ikisagwa laini sana, mwili huimaliza haraka karibu sawa na nyeupe. Mikate maalumu ya nafaka ilipata wastani wa 53 hivi. Sehemu kubwa ya faida hiyo hutokana na punje zenyewe kubaki nzima au zimevunjwa tu, meno na tumbo vikapata kazi. Kwa hiyo mkate wa nafaka mchanganyiko unaweza kuwa mzuri kweli, mradi punje ziwe nyingi na uzione ukikata, si kupakwa juu ya ganda kama urembo.

Nyuzinyuzi nazo ziko kwenye jedwali la nyuma. Huku ili kiwanda kiruhusiwe kujisifu kwamba chakula kina nyuzinyuzi nyingi, lazima ziwe angalau gramu 6 katika kila gramu 100. Mtu mzima anashauriwa kupata gramu 30 kwa siku, na mkate peke yake haukufikishi huko. Maharage yanasaidia zaidi, tena kwa bei ndogo. Chumvi ndiyo hunishtua: mkate wa kawaida huku una karibu gramu 1 kwa kila gramu 100, wakati Shirika la Afya Duniani linataka mtu asizidi gramu 5 kwa siku nzima. Ugali hauna chumvi. Ukitaka chumvi, unaitia kwenye mboga mwenyewe, unaona unachotia.

Najua jibu la kaka zangu wa hapa kijiweni: ya nyumbani asilia, ya huku sumu. Hapana. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, mahindi ya nyumbani kabisa, hayajapita kiwandani. Nafaka iliyoanikwa chini ikapata mvua, kisha ikafungwa kwenye gunia, haitakasiki kwa kuwa tunamjua aliyeilima. Mbele ya mashine ya kusaga mtaani hujui gunia lile lililala wapi. Kwenye hilo huku wametuzidi, na wametuzidi kwa ukaguzi na maandishi. Ubora wa mkate hauhusiki.

Tena kuna mahali sisi tulitangulia, na sisikii mtu akilisema. Kanuni za Tanzania za 2011 zilitaka unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani uongezwe asidi ya foliki, kupunguza watoto wanaozaliwa na mgongo wazi. Uingereza imetunga sheria yake 2024, na utekelezaji umepangiwa mwisho wa 2026. Kasoro yetu ni kwamba mahindi mengi husagwa kwenye vimashine vidogo ambako virutubishi hivyo haviongezwi.

Dada nimemwambia hivi. Uwele aurudishe jikoni, uwe mkavu na safi, ale ugali mdogo na mboga nyingi, maana hata uwele ni wanga. Uji wa ulezi usijazwe sukari. Apime sukari kwa kidole saa mbili baada ya kula, siku ya ugali na siku ya mkate, kisha nambari ampelekee daktari wake, si mimi. Mkate akiupenda aendelee nao, ila ageuze pakiti kwanza.

Na kwa upande wa viwanda vya kwetu, usalama wa chakula uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019. Ningependa waende madukani waokote kila mkate wenye picha ya masuke, na anayetaja ulezi au alizeti mbele ya pakiti wahakikishe ameandika nyuma, kwa Kiswahili na kwa maandishi yanayosomeka bila miwani, ni asilimia ngapi ametia.