Unasikia maumivu ya nani?

Kiswahili hutumia kitenzi kimoja kwa mambo mawili tofauti: nasikia mlango ukigongwa, nasikia njaa. La kwanza limetoka nje, la pili limo tumboni mwangu. Mjadala kuhusu watu wanaojiita empathi umekwama papo hapo. Wao husema huzuni ya aliyekaa pembeni huwafikia kama mawimbi yanavyoifikia redio, na kwamba wakikaa na mtu anayeumwa mgongo, mgongo wao nao huanza kuuma. Wanaowapinga huwajibu kwa methali: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Pande zote mbili zina ushahidi mzuri, ila kila upande una ushahidi wa kitu kingine.

Tuanze na mwili. Mwaka 2004 Tania Singer na wenzake jijini London waliwapima wanawake 16 kwenye mashine inayoonyesha shughuli za ubongo, kila mmoja mwenzi wake akiwa ameketi kando ya mashine. Alama ya rangi ilionyesha nani angepigwa shoti ndogo ya umeme mkononi. Shoti ilipomwendea mwenzi, kwa mwanamke viliamka vituo viwili, insula ya mbele na singuleti ya mbele, vilevile kama ilipompiga yeye. Vituo hivyo vinahusika na karaha ya maumivu, ile hali ya kutaka yaishe. Maeneo yanayosajili maumivu yako wapi na yana nguvu kiasi gani yaliamka tu alipopigwa yeye mwenyewe. Kwa hiyo karaha iliambukiza, lakini mkono haukuuma. Tafiti nyingine, ambamo mtu anatazama sindano ikichoma mkono badala ya kuona alama tu, zimeonyesha kwamba hata mfumo wa hisi na misuli huitikia. Kadiri macho yanavyopewa kitu dhahiri, ndivyo mwili unavyozidi kuiga.

Wapo pia ambao mkono unawauma kweli, au angalau wanausikia umeguswa. Wakimwona mtu akiguswa shavuni, huhisi mguso kwenye shavu lao. Si rahisi kuigiza hali hii mbele ya mtafiti. Mhusika huguswa shavu moja huku akitazama picha ya mtu anayeguswa shavu jingine, kisha anaulizwa haraka ni upande gani wa uso wake ulioguswa. Mwenye hali hiyo huchelewa kujibu na hukosea, kwa sababu mguso aliouona unashindana na ule wa kweli. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009, takriban asilimia 1.6 ya waliopimwa walikuwa nayo. Basi anayesema "nikimwona akijikata kidole changu nacho huchoma" hastahili kuchekwa. Lakini zingatia neno "nikimwona": kinachoamsha hisia hiyo ni kuona.

Kuna ushahidi mmoja ambao wanaojiita empathi huufurahia bila kuutafakari. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio waliwapa wanafunzi miligramu 1,000 za parasetamoli, dozi ya kawaida ya maumivu ya kichwa, na waliomeza dawa hiyo walikadiria maumivu ya wengine kuwa madogo kuliko waliopewa dawa bandia. Hapo inaonekana huruma inatumia mitambo ileile ya maumivu yetu. Sawa. Ila mitambo hiyo ni ya nani? Dawa aliimeza mtazamaji, wala haikumgusa mwenye maumivu. Kama maumivu ya mwenzio yangekuwa yanakufikia kutoka kwake, kidonge ulichomeza kingekuwa kimezima redio tu, na redio hiyo ndiyo inayopaswa kupimwa.

Ilipopimwa, matokeo hayakupendeza. Mwanasaikolojia William Ickes alibuni utaratibu ambao bado unatumika. Watu wawili wanarekodiwa kwa video wakiongea. Kila mmoja anaitazama rekodi peke yake, anaisimamisha kila anapokumbuka alichokuwa anawaza au kuhisi, na kukiandika. Kisha mwenzake anaonyeshwa rekodi ikisimamishwa palepale, na anakisia. Waamuzi wanalinganisha maandishi hayo na kutoa alama 0, 1 au 2. Watu wasiojuana hupata takriban asilimia 20 ya alama zote. Marafiki wa karibu na wanandoa hufika 30, pengine 35. Hata miaka ya ndoa hununua nyongeza ndogo tu.

Linalouma zaidi ni hili: kujiona mahiri hakusaidii. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2019 yalilinganisha jinsi watu wanavyojipa alama katika kuelewa hisia za wengine na jinsi wanavyofanya kwenye majaribio halisi. Alama za kujipa zilieleza takriban asilimia 1 tu ya tofauti za matokeo. Mwaka mmoja kabla, Tal Eyal, Mary Steffel na Nicholas Epley walitoa majaribio 25 ambayo kwa jumla yalionyesha kwamba kujitahidi kujiweka katika nafasi ya mwingine hakumfanyi mtu apatie zaidi. Kilichosaidia ni kumuuliza.

Kwa nini basi mtu aone anapatia kila siku? Mwili hausemi kwa lugha ya wazi. Moyo unaokwenda mbio unaweza kuwa hofu, hasira, kahawa au usingizi pungufu, na jina la hisia hulitoa mwenye moyo kwa kuangalia waliopo. Halafu hapati mtu wa kumsahihisha. Anauliza "uko sawa?", anajibiwa "nimechoka tu", na jibu hilo linahesabiwa kuwa ni kuficha; dai ambalo "ndiyo" inalithibitisha na "hapana" pia inalithibitisha haliwezi kushindwa. Kosa la tatu ni gumu kulitambua: maambukizi ya hisia yana njia mbili. Anayeingia chumbani na uso wa wasiwasi, akikutazama kwa macho ya pole, anaweza kukupandikizia wasiwasi uleule atakaousoma dakika tano baadaye.

Kuna pia suala la malezi. Seth Pollak na wenzake waligundua kwamba watoto waliopigwa nyumbani huitambua hasira usoni mapema, picha ikiwa bado haijakamilika. Watoto hao hao, wakionyeshwa nyuso zilizochanganywa hisia mbili, huziita za hasira mara nyingi kuliko wenzao. Antena ni ndefu, lakini imekazwa kwenye stesheni moja. Bila shaka kuna watu wazima wanaosoma nyuso namna hiyo na kuiita karama, na sioni sababu ya kuwadhihaki: ujuzi wao ni halisi, wameulipia, na unawapotosha palepale wanapouamini zaidi.

Anayetaka kujipima anaweza. Achague hisia sita, na kabla ya kumuuliza mtu aandike hisia moja na nguvu yake kutoka 0 hadi 10. Afanye hivyo mara 20, huku mwingine asiyedai karama yoyote akiwakisia watu walewale. Kubahatisha kunampa kama 3. Cha kulinganisha ni alama za yule wa pili, maana kumjua mtu kunatosha kukupandisha bila antena yoyote.

Dai zito zaidi, la kupokea bila kuona wala kusikia sauti, linahitaji pazia. Nyuma yake mtu anatia mkono kwenye maji ya barafu au maji vuguvugu kwa dakika moja, kimya, kwa kufuata sarafu iliyorushwa mahali ambapo mpokeaji, yaani anayekisia ni maji gani, haoni. Anayerusha sarafu asikutane na mpokeaji. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa mishipa asitie mkono. Katika mara 20, kubahatisha hutoa takriban 10. Kufika 15 au zaidi kwa bahati hutokea kama mara 2 katika majaribio 100 ya namna hiyo. Idadi ya raundi ipangwe mapema, la sivyo mtu husimama pale anapoongoza.

Wanaopinga nao wana kosa lao. Mzigo wa mwenzio, husema, ni kanda la usufi. Kwa wanaojiita empathi si kweli, mzigo unawaelemea. Dodoso la Mark Davis, lenye maswali 28 katika mafungu manne, linatenganisha kumjali mwingine na kufadhaika wewe mwenyewe kwa kuona shida yake. Majaribio ya Daniel Batson yalionyesha waliotawaliwa na fadhaa wakiondoka mlango ulipokuwa wazi, na waliotawaliwa na kujali wakibaki kusaidia. Anayetoka kwa mgonjwa akiwa hoi mara nyingi amezama katika fadhaa, na fadhaa inapungua. Olga Klimecki na Singer waliwafunza watu kwanza kuyahisi mateso ya wengine kana kwamba ni yao, na hisia mbaya zikapanda. Kisha wakawafunza kumtakia mema anayeteseka, na hisia hizo zikashuka huku nzuri zikirudi.

Maumivu yakikujia ukiwa na mtu, jiulize kama yalikuwepo asubuhi, umeona au umesikia nini hasa, na yeye anasemaje. Na maumivu ya kifua yanayopanda begani au tayani, hata yakianza ukiwa umemshika mkono mgonjwa wa moyo, ni ya kifua chako: nenda hospitali mara moja, bila kusubiri kujua ni ya nani.