Taya Linauma, Pumzi Inalaumiwa

Siku hizi ukilalamika kwamba shingo imekaza au taya linaalika ukipiga miayo, hukosi mtu wa kukuambia kuwa unapumua vibaya. Video za kufundisha kupumua kwa pua zimejaa kwenye simu, na wapo wanaojibandika plasta mdomoni wakilala. Mama yangu mdogo, mkulima wa korosho huko Newala, aliambiwa hivyo na mwanawe aliyepo Mtwara mjini. Akacheka. "Mwanangu, miaka hamsini na kitu napumua, leo ndiyo nimekosea?"

Kicheko kile kina hoja, ila tumsikilize kijana kwanza, maana hakuokota maneno yake jalalani.

Mtu aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Chukua 15 tu: kwa siku nzima ni mara 21,600. Kazi hiyo hufanywa hasa na kiwambo, msuli mpana uliotenganisha kifua na tumbo. Anayepumua juu juu, mabega yakipanda na kushuka, huiita misuli ya shingo ije kuinua mbavu za juu. Misuli hiyo ni ya kusaidia mtu anapotweta, haikuumbwa kufanya kibarua kutwa kucha. Mdomo nao ukizoea kuwa wazi, taya la chini hushuka, ulimi hulala chini, na kichwa husogea mbele. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5, kikitoka mahali pake ni shingo inayolipa. Tena neva za uso na za shingo ya juu hukutana pamoja kwenye shina la ubongo, kwa hiyo maumivu yaliyoanzia shingoni huweza kusikika tayani, na mtu akahangaika na jino lisilo na kosa.

Kwa hiyo njia ya kutoka kwenye pumzi hadi kwenye taya ipo. Wasiwasi wangu ni uzito tunaoupa. Wanaoshabikia hoja hii hupenda kutaja majaribio ya mtafiti Egil Harvold na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 1981, ambapo kima walizibwa pua na mataya na meno yao yakabadilika umbo. Ni kweli, lakini wale walikuwa wanyama wachanga wanaokua, na kilichopimwa ni umbo, si maumivu. Watu wenye maumivu ya muda mrefu ya shingo pia wamekutwa na misuli dhaifu ya kupumulia. Sasa kipi kilitangulia? Anayeumwa shingo hathubutu kuvuta pumzi ndefu.

Turudi Newala. Mama mdogo amebeba ndoo kichwani tangu utotoni, kwani juu ya uwanda ule wa Makonde maji yamekuwa shida ya miaka mingi. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, mara nne hadi tano ya uzito wa kichwa chenyewe, juu ya ngata. Ukimwona akijitwisha, utagundua jambo ambalo zile video hazilisemi: hubana pumzi na kuuma meno kwa pamoja. Mbanguaji wa korosho hufanya vivyo hivyo, shingo imeinama, macho kwenye punje isivunjike. Meno ya juu na ya chini kwa kawaida hayapaswi kugusana ila wakati wa kutafuna na kumeza. (Yako yanagusana sasa hivi?) Hapa ndipo ninapomkubali kijana: kubana pumzi kazini ni mazoea, na mazoea yanarekebishika. Tua mzigo, legeza taya, toa pumzi taratibu.

Kupumua kwa mdomo ni kesi nyingine. Mikorosho hupulizwa salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, na unga wa salfa huwasha macho, pua na koo. Baada ya siku kadhaa shambani pua inaziba, usiku mtu anakoroma, asubuhi kinywa kikavu. Kumwambia afunge mdomo ni kumlaumu mwenye nyumba kwa kufungua dirisha wakati mlango umezibwa na wengine. Kibandike plasta kinywa hicho, hewa itapita wapi? Kwa mwenye pua iliyoziba, au anayekatikiwa pumzi usingizini, plasta ni hatari. Mtoto anayelala mdomo wazi kila siku apelekwe akaangaliwe nyama za pua kabla ya kupewa somo la kupumua.

Kuna pia mataya ambayo hayahusiani na pumzi hata chembe. Jino bovu huuma. Kusaga meno usiku huuma, hasa kipindi cha kusubiri malipo ya mnada wa korosho. Taya likikaza lisifunguke kwa mtu aliyeumia karibuni, ni kukimbilia hospitali, huenda ni pepopunda. Taya likiuma pamoja na kifua kubana na jasho jembamba, moyo ndio wa kuangaliwa, na hapo hakuna kusubiri kesho.

Nikipima yote, pumzi naiona kama mshiriki wa kosa, mara chache ndiyo mkosaji mkuu. Mama mdogo amejaribu kulegeza taya kila anapotua ndoo, anasema shingo imepungua kukaza, mabega bado. Mwezi wa sita salfa inaanza tena. Yeye ameomba barakoa nzuri, maana kitambaa cha kanga alichokuwa akijifunga hakizuii unga mwembamba. Mwanawe ametuma video nyingine.